Doa la Oili Chini ya Gari la Bibi

Tarehe 4 Machi

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Usianze kulalamika kwamba nimekaa wiki tatu sijaandika, maana nimeshaandika. Ulisema simu huitaki kwa kuwa sauti inakujia kama nyuki ndani ya kopo. Haya, vaa miwani, kaa kwenye kiti chako chenye mto, usome.

Mimi mzima, nimenenepa kidogo upande wa mashavu. Goti linasemaje? Baba Mdogo bado anatembea na mikono nyuma kama anakagua madarasa? Msalimie. Mwambie ile barua aliyoniandikia kuniombea nafasi hapa gereji imefanya kazi, ingawa hata bila barua wangenichukua. Sura tu ilitosha.

Gereji yenyewe ni ukumbi mrefu wenye mashimo mawili ya kushukia chini ya magari. Wanafunzi tuko wanne. Nalala chumba cha nyuma na mwenzangu mmoja anayekoroma, dirisha letu linatazama rundo la tairi kuukuu. Mkuu wa gereji ni mtu wa maneno ya kuhesabu. Siku ya kwanza aliniuliza, "Unajua nini?" Nikamjibu, "Ungeuliza nisichojua tungemaliza mapema." Akanipa ufagio. Hiyo ni heshima, Bibi. Ufagio hapa hapewi kila mtu.

Wenzangu nimewasimulia nilivyolitibu gari la marehemu Babu asubuhi ile kabla sijapanda basi. Oili ilikuwa imelowesha kichujio cha hewa, harufu ya moshi inakuchefua mpaka unaendesha umefunga pua kwa leso. Dakika ishirini, harufu kwisha. Wameniuliza nilifanyaje, nikawaambia hiyo ni siri ya fundi.

Linaendaje sasa? Jibu nalijua, nauliza ili unisifu.

Mjukuu na mume wako,
Fundi (ndiyo, Fundi)


Tarehe 27 Machi

Mume wangu wa kuazima,

Marahaba. Goti linatangaza mvua hata siku zisizo na wingu. Mikono ya Baba Mdogo bado iko nyuma. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa shule, kwa hiyo nisamehe.

Hapa nyumbani kuna jambo limenikera. Subana yangu ya shaba, ile ninayovaa kidoleni nikishona, haionekani. Kidole changu cha kati kimejaa matundu ya sindano kama chujio. Mara ya mwisho niliiona juu ya meza ya barazani, wiki ile ile uliyosafiri. Na anayekuja kushona nami barazani ni mmoja tu, Bi Pindo wa nyumba ya pili. Nimemuuliza. Akajibu kwamba yeye ana subana zake tatu. Mimi sikumuuliza anazo ngapi. Tumeagana vibaya.

Sasa gari. Harufu imekwisha kweli, nami nilikusifu mbele ya watu mpaka Baba Mdogo akakubali kukuandikia barua pale pale, kabla hujapanda basi. Lakini linavuja. Doa kwenye saruji lilianza na ukubwa wa kisosi, leo ni sinia. Jumatatu nililipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi akainama, akapitisha kidole chini ya injini, akaninyooshea kile kidole. Limekataliwa. Wakaguzi watarudi mwisho wa Agosti.

Baba Mdogo amesema likikataliwa tena analiuza, na mimi nihamie chumba chake cha uani. "Tutakuwa tunakupeleka unakotaka, Mama." Namjua mwanangu. Nitakuwa kama kabati, nikihamishwa ni kwa kubebwa. Kwa miguu hii kituo cha basi sikifiki. Wewe ndiye fundi wa ukoo. Niambie linaumwa nini.

Bibi yako


Tarehe 9 Aprili

Bibi wangu wa pekee,

Shikamoo. Pole na goti, pole na mkaguzi mwenye kidole. Hapa tu wazima. Yule mwenzangu anayekoroma amepata mafua, sasa anakoroma kwa sauti mbili.

Usihangaike. Nimesoma dalili nikacheka. Hiyo ni sili ya nyuma ya injini, pale injini inapokutana na giaboksi. Ni mpira wa duara unaozuia oili isitoke. Ukichoka, oili inapita. Gari lile lina umri mkubwa kuliko Baba Mdogo, sili haiwezi kubaki kijana. Mwambie Fundi Polepole wa hapo mtaani ateremshe giaboksi, aweke sili mpya. Msimamie, maana yule jina lake ameliheshimu kupita kiasi.

Kumuuliza Mkuu sikuona haja. Nimepanda cheo, sasa nafagia na kuosha nati.

Mambo ya kushona mimi simo. Ila Bi Pindo nadhani umwache tu, kitu kidogo namna ile kinaweza kupotelea popote, na watu wazima husahau. Sijamtaja mtu.

Mjukuu wako,
Fundi


Tarehe 16 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Watu wazima hawajasahau kitu, ila mafua ya mwenzio yaishe.

Sili imewekwa. Fundi Polepole alilala chini ya gari siku mbili, miguu tu ndiyo ilionekana, nikawa naongea na viatu vyake. Siku tisa saruji ilikuwa kavu. Nilipita juu yake kwa soksi nyeupe kuhakikisha. Siku ya kumi doa likarudi.

Kuna jingine. Jumanne nilipofika sokoni nilisikia harufu, nikafungua boneti. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka nje ya tundu lake, kimetapika oili kila mahali. Fundi Polepole aliniuliza, "Mama, hii injini ameigusa nani kabla yangu?" Nikamjibu, "Mjukuu wangu tu, na yeye aliiponya." Akajikuna kidevu, akakirudisha kijiti tunduni.

Bi Pindo sasa akiniona anahamia upande wa pili wa barabara. Jumapili tulikutana mlangoni kwa muuza vitambaa. Akaniambia mbele ya watu, "Shikilia mkoba wako, mwizi ndiye huyu anapita." Miaka thelathini na moja tumekaa baraza moja. Nilirudi nyumbani sijanunua uzi.

Ulisema kitu kidogo kinaweza kupotelea popote. Popote wapi?

Bibi yako


Tarehe 25 Mei

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, chakula napata, usingizi haba kwa sababu unazozijua.

Basi ni gasketi, ule utepe unaoziba kifuniko cha juu cha injini, tena ningeisema tangu mwanzo ila sikutaka kumchanganya Fundi Polepole kwa kazi mbili. Abadilishe hiyo. Kijiti kinaruka kwa sababu kimelegea kwa uzee. Kifungwe kwa waya, kikazwe vizuri, mchezo umekwisha.

Leo naandika kifupi, kuna lori linaningoja. Barua ijayo nitaeleza mengi.

Fundi


Tarehe 20 Juni

Mjukuu wangu,

Hukuuliza habari za goti, kwa hiyo najua una haraka au una neno.

Gasketi imebadilishwa. Waya umefungwa. Oili imeona nyuma kumezibwa, juu kumezibwa, sasa inatokea mbele, karibu na mkanda wa feni. Nimetandika maboksi chini ya gari kama kitanda cha mgonjwa.

Baba Mdogo ameleta mtu wa kulitazama. Mtu huyo alipiga teke tairi, akafungua mlango wa dereva, akakaa kwenye kiti changu. Kisha akakisogeza nyuma. Alipoondoka nilikirudisha mbele, na imenichukua muda kupata pale kilipokuwa.

Jibu mapema.

Bibi yako


Tarehe 2 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Goti? Maboksi? Najua nimechelewa. Kazi zilikuwa nyingi, halafu bahasha zikaisha, halafu bahasha zikapatikana.

Nikueleze kilichotokea hapa. Mwoka mikate mmoja alileta gari lake linavuja. Amebadilisha sili mara tatu, gereji tatu, bado linachuruza. Nikajisogeza mbele nikasema, "Ni sili." Mkuu hakunitazama. Wala hakuinama kutazama chini ya gari. Alisema tuwashe injini, akafungua kifuniko cha kumiminia oili, akachana kipande cha gazeti, akakilaza juu ya tundu. Gazeti likaruka likatua kichwani kwangu.

"Kwa nini limeruka?" akauliza.

"Upepo," nikasema. Wamecheka mpaka yule mkoromaji akakaa chini.

Mkuu akazima gari, akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema kila mafuta yanapolipuka ndani ya injini, moshi kidogo unapenya pembeni mwa pistoni, unashuka kule chini ilipo oili. Lazima upate mlango wa kutokea. Ndiyo maana kuna mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kifuniko cha juu, na kivalvu kidogo, vinaurudisha moshi kwenye njia ya hewa ukaunguzwe. Mlango huo ukiziba, moshi unajaa, unaisukuma oili itoke popote penye upenyo. Nyuma, juu, mbele, kwenye kijiti. "Sili haijachoka," Mkuu alisema. "Inasukumwa. Ukiweka mpya, moshi utaisukuma hiyo mpya."

Alichomoa kile kivalvu akakitikisa sikioni kwangu. Kizima hulia kama punje ndani ya kibuyu. Kile kilikuwa kimya, masizi matupu. Tukaweka kingine, tukaosha mpira kwa petroli mpaka nikauona mwanga upande wa pili. Kisha gazeti tena. Safari hii lilivutwa likaganda pale pale juu ya tundu kama stempu.

Bibi, fungua ule waya niliosema mfunge. Utoe leo leo. Halafu Fundi Polepole aung'oe mpira unaotoka kifuniko cha juu kwenda kwenye kichujio cha hewa, aukate, autupe, aweke mpya na kivalvu kipya. Asiuchungulie wala asiulize maswali. Aukate tu.

Mjukuu wako


Tarehe 11 Agosti

Mjukuu wangu,

Waya nimeutoa kwa koleo, mwenyewe.

Mengine hayawezekani. Baba Mdogo amechukua ufunguo wa gari. Mnunuzi anakuja tarehe 24 asubuhi kulichukua lilivyo. Nilimsomea barua yako mpaka mwisho. Akasema, "Mama, huyu kijana ametoa dawa mbili, zote tumeweka, zote uongo. Leo kaleta hadithi ya gazeti." Fundi Polepole anasema inawezekana, lakini bila ruhusa ya Baba Mdogo boneti hafungui.

Chumba cha uani kimepakwa rangi. Wameniuliza nataka pazia la rangi gani.

Nakujua tangu unatambaa. Ukiwa na hakika ya kitu hueleza mpaka mtu achoke. Hapa umesema asichungulie, asiulize. Unajuaje kwamba ni mpira huo, na hujaliona gari miezi sita? Nipe kitu nitakachomwonyesha Baba Mdogo, kitu ambacho huwezi kuwa umekibahatisha.

Bibi yako


Tarehe 17 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Hii isome mbele ya Baba Mdogo kabla boneti haijafunguliwa, ili asiseme niliambiwa baadaye.

Ndani ya mpira huo, upande wa kichujio cha hewa, urefu wa kidole kuingia ndani, kuna subana yako ya shaba.

Niliiweka mimi. Asubuhi ile ya safari nilifungua kichujio nikakuta oili inatokea kwenye mpira ule, nikaona dawa ni kuuziba. Nilitafuta kizibo. Karatasi ililowa, kijiti kilikuwa chembamba. Nikapita barazani, subana iko juu ya meza. Iliingia kama imepimwa, kichwa chake kimeziba kabisa. Nikakaza kwa klempu, ile pete ya chuma ya kubana mpira. Nilisema moyoni nikifika nitakununulia nyingine kabla hujajua. Halafu mkatoka wote mkanisifu, Baba Mdogo akanipa mkono, sikuona pa kuanzia.

Kwa hiyo subana niliijua tangu barua yako ya kwanza. Uliposema Bi Pindo, niliijua. Uliposema mlangoni kwa muuza vitambaa, niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro, nikakuandikia kuhusu gasketi. Kwamba ndiyo iliyokuwa inalivujisha gari, hilo sikulijua mpaka gazeti liliponitua kichwani. Siku hiyo ilikuwa tarehe 26 Juni. Bahasha hazikuwa zimeisha.

Nilikaa nikipanga mpira ukatwe na kutupwa bila mtu kuchungulia. Gari lingepona, mimi ningebaki fundi, na Bi Pindo angebaki hivyo hivyo alivyo. Huo ndio ulikuwa mpango mzima.

Nimemweleza Mkuu leo asubuhi. Aliniuliza subana ya bati au ya shaba. Nikasema ya shaba. Akasema, "Afadhali, haijaoza," akanirudishia ufagio. Safari hii sijauita cheo.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ya Bi Pindo. Nimeandika mwenyewe, makosa usiyasahihishe.

Mjukuu wako


Tarehe 3 Septemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti liko pale pale. Baba Mdogo mzima, ana maneno machache siku hizi kama Mkuu wenu.

Barua yako ilifika tarehe 23 mchana. Nilimwita Baba Mdogo na Fundi Polepole, nikawasomea nimesimama. Baba Mdogo akasema, "Haya, tuone," akatoa ufunguo mfukoni. Fundi Polepole aliung'oa mpira, akapima kwa kidole chake, akakata. Subana ilianguka kwenye karai. Kwa mara ya kwanza tangu nimzae, mikono ya Baba Mdogo ilikuja mbele.

Waliweka mpira mpya na kivalvu, tena Fundi Polepole alinitikisia sikioni nikasikia punje. Tulitumia ukurasa wa gazeti la Baba Mdogo, ambao alikuwa hajamaliza kusoma. Uliganda. Mnunuzi alipokuja asubuhi nilimwambia kiti hakitasogezwa. Tarehe 29 mkaguzi aliinama, akapitisha kidole, akakitazama, akakifuta kwenye suruali kwa mazoea tu. Kilikuwa kikavu. Mapazia ya chumba cha uani wameyatundika, ila anayekaa humo ni mkwe wa Baba Mdogo, naye mkoromaji kama mwenzio.

Karatasi ya Bi Pindo sikuisahihisha, ingawa mstari wa tatu uliniuma. Nilimpelekea kwa gari. Hakufungua mlango. Nikamsomea dirishani, nje, watu wakipita. Nilipofika pale uliposema "niliichukua mimi na nikanyamaza", akasema kutoka ndani, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Wa nyumba ya nne hawajasikia." Nikarudia kwa sauti. Kisha nikasema na langu, ambalo si lako na sitaliandika hapa.

Alitoka baada ya muda na mkoba wake. Aliniambia bado ana hasira na asisemeshwe. Akakaa kiti cha mbele, nikampeleka kwa muuza vitambaa, tukaingia wote wawili.

Subana niliiosha kwa petroli mara mbili, nikaisugua kwa majivu. Inang'aa. Nilimwonyesha tukiwa njiani kurudi. Aliivaa, akaigeuza kidoleni, akasema kwa kuwa ameitwa mwizi wake miezi mitano, haki yake aondoke nayo. Akaitia mkobani.

Nimemwachia. Sasa nashona kwa kidole kitupu, na kila ninapojichoma nakutaja jina.

Bibi yako